Vitabu vya marejeo vya sarufi ya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo: kila kitabu na swali lake

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Swali la "nitumie kitabu gani cha sarufi ya Kiingereza?" huulizwa mara kwa mara, na majibu yake huwa ni orodha ya majina ya vitabu bila kuelezwa kila kimoja kiliandikwa kwa ajili ya nani. Ndiyo maana utamkuta mtu aliyeanza kujifunza juzijuzi akihangaika na kitabu cha kurasa 1,779 kilichokusudiwa wanaisimu, na mwingine ambaye tayari anaandika ripoti kwa Kiingereza akirudia mazoezi ya "since" na "for" aliyopaswa kuachana nayo zamani. Ninachokitetea katika uzi huu ni kwamba kitabu cha marejeo huchaguliwa kwa kutazama aina ya swali linalokusumbua, na kwamba maswali ya mgeni wa lugha hayafanani na maswali ya mwenye lugha yake.

Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Kitabu cha H. W. Fowler, A Dictionary of Modern English Usage, kilichotoka mwaka 1926, hutajwa sana panapozungumziwa matumizi bora ya Kiingereza. Vilevile The Elements of Style, kijitabu cha William Strunk cha mwaka 1918 ambacho E. B. White alikihariri na kukiongezea sura mwaka 1959, hupendekezwa kwa kila anayetaka kuandika vizuri. Vyote viwili viliandikiwa watu waliokua na Kiingereza vinywani mwao. Watu hao hubishana kama ni halali kuchomeka kielezi kati ya "to" na kitenzi chake, au lini "which" ikipishe "that", na mabishano hayo ni ya ladha na adabu za uandishi. Aliyezaliwa katika lugha hahitaji kuonywa asiseme "informations" wala "I am knowing him", maana hajawahi hata kushawishika kusema hivyo. Mgeni ndiye anayeyahitaji maonyo hayo, na hatayapata kwa mwandishi ambaye hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeweza kujikwaa hapo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba sarufi za Kiingereza zilianza mapema sana kuwaangalia wageni. Sarufi ya Ben Jonson, iliyochapishwa mwaka 1640 baada ya kifo chake, ilieleza kwenye ukurasa wake wa kwanza kwamba iliandikwa kwa faida ya wageni. John Wallis alichapisha yake mwaka 1653 kwa Kilatini, ili wasomi wa nchi nyingine waweze kukifikia Kiingereza kupitia lugha waliyokwisha kuijua. Ni katika kitabu hicho cha Wallis ilimowekwa ile kanuni ya "shall" na "will": kwamba katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri na "will" huahidi au hutishia, na katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Kanuni iliyoandikwa kumsaidia mgeni ikaishia kuingia katika vitabu vya shule vya wenye lugha na kuwasumbua watoto wao kwa karne kadhaa. Leo vitabu vizuri vya wanaojifunza vinakuambia tu kwamba "will" inatosha katika nafsi zote, na kwamba "shall" imebaki zaidi katika maswali ya kutoa pendekezo kama "Shall we go?" na katika lugha ya sheria.

Baadaye wageni wenyewe wakawa ndio waandishi. Otto Jespersen, Mdenishi, aliandika A Modern English Grammar on Historical Principles, juzuu 7 zilizotoka kati ya 1909 na 1949, ya mwisho ikikamilishwa na wengine baada ya yeye kufariki mwaka 1943. Hendrik Poutsma na Etsko Kruisinga, Waholanzi wawili, nao walitoa sarufi kubwa katika kipindi hichohicho. Sishangai. Anayeitazama lugha kutoka nje huona mambo ambayo mwenyeji ameyazoea kiasi cha kutoyaona tena, na kazi za watu hawa watatu zilitegemewa na waandishi wa Kiingereza waliowafuata.

Sasa niingie kwenye vitabu tunavyovitumia leo. Naomba tuvigawe kwa swali linaloulizwa.

Swali la kwanza huwa ni la mtu anayesema: "Sielewi somo hili, nifundishwe kisha nijaribiwe." Hapa Raymond Murphy bado anatawala. English Grammar in Use ilitoka Cambridge University Press mwaka 1985, na toleo lake la tano ni la mwaka 2019. Kila mada inachukua kurasa mbili zinazotazamana: maelezo upande wa kushoto, mazoezi upande wa kulia. Jalada la bluu ni la ngazi ya kati; jekundu, Essential Grammar in Use la mwaka 1990, ni la wanaoanza; la kijani, Advanced Grammar in Use, liliandikwa na Martin Hewings mwaka 1999 kwa ngazi ya juu. Kwa wanaofuata Kiingereza cha Marekani, vitabu vya Betty Azar, ambavyo vilianza kutoka mwaka 1981, vinafanya kazi inayofanana. Udhaifu wa Murphy ndio huohuo unaompa nguvu: anarahisisha. Vilevile karibu nusu ya vitengo vyake 145 inahusu vitenzi, kwa hiyo mtu mwenye shida ya viunganishi au mpangilio wa aya hatapata mengi humo. Na tafadhali, kitabu hiki hakikukusudiwa kusomwa kuanzia kitengo cha 1 hadi cha mwisho. Mwandishi mwenyewe anasema hivyo, na nyuma ya kitabu kuna sehemu ya kujipima inayokuelekeza vitengo unavyovihitaji. Wengi hawaifungui sehemu hiyo kabisa.

Swali la pili ni la mtu anayejua sarufi ya jumla lakini amekwama kwenye jambo mahususi: nini tofauti ya "although" na "despite", kwa nini "look forward to" inafuatwa na umbo la "ing", lini niseme "very" na lini "too". Huyu anahitaji Practical English Usage ya Michael Swan, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1980 na kufikia toleo la nne mwaka 2016. Hakina mazoezi. Ni kitabu cha kufunguliwa, kusomwa nusu ukurasa, na kufungwa. Sifa yake kuu ni kwamba huonyesha waziwazi sentensi isiyokubalika kando ya inayokubalika, na sentensi zile mbovu hazikubuniwa hewani. Ni zile ambazo wanafunzi huzisema kweli. Unapoisoma moja ukaiona ni ile uliyoiandika asubuhi kwenye barua pepe, unaelewa kwamba kitabu hiki kilikuwa kinakufikiria wewe.

Swali la tatu watu hulipeleka kwenye kitabu cha sarufi wakati mahali pake ni kamusi. Nalo ni hili: kitenzi hiki kinafuatwa na nini? Chukua "suggest". Mwanafunzi anajua kwamba "I advised him to go" ni sahihi, anajua "I told him to go" ni sahihi, kwa hiyo anaandika "I suggested him to go", na hapo anakwama. Hakuna kanuni ya jumla itakayomwokoa, kwa sababu jambo hili ni tabia ya kitenzi kimojakimoja. Aliyeliona tatizo hili mapema ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani katika miaka ya 1920 na 1930. Kamusi yake, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa upya na Oxford mwaka 1948, ilikipa kila kitenzi alama za kuonyesha miundo kinayoikubali. Jina lake la kwanza lilitaja miundo ya sentensi pamoja na nahau, na kamusi kubwa ya Oxford ya wanaojifunza tunayoitumia leo ndiyo mzao wake. Longman walikuja na yao mwaka 1978, ambamo maana hutolewa kwa msamiati teule wa maneno yapatayo 2,000, kisha mwaka 1987 ikaja COBUILD iliyoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambayo hueleza maana kwa sentensi kamili. Fungua mojawapo kwenye "suggest" utaona mara moja: hufuatwa na kishazi cha "that", au na umbo la "ing", si na mtu kisha "to". Kwa hiyo "I suggested that he go", au "I suggested going". Dakika moja imetosha, na hukuhitaji sarufi yoyote.

Swali la nne ni la walimu, wafasiri, wahariri na wanafunzi wa isimu: kwa nini lugha iko hivi, na je, watu wanaitumia hivyo kweli? Hapa ndipo penye majabali. A Comprehensive Grammar of the English Language ya Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik, ya mwaka 1985, ndiyo ile ya kurasa 1,779 niliyoitaja mwanzoni. Ilitokana na mradi wa Survey of English Usage ulioanzishwa na Quirk mwaka 1959, ambao ulikusanya Kiingereza cha kuandikwa na cha kuzungumzwa. Longman Grammar of Spoken and Written English ya Douglas Biber na wenzake, ya mwaka 1999, inategemea kongoo, yaani mkusanyiko wa matini halisi, wenye maneno yapatayo milioni 40, na inalinganisha mazungumzo, hadithi za kubuni, habari za magazeti na maandishi ya kitaaluma. The Cambridge Grammar of the English Language ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, ya mwaka 2002, ndiyo inayohoji uainishaji wa zamani kwa ukali zaidi. Onyo langu hapa ni moja tu: usichanganye istilahi za Quirk na za Huddleston. Neno "before" katika "before he left" ni kiunganishi kwa Quirk, lakini kwa Huddleston na Pullum ni kihusishi. Kila mmoja ana hoja zake. Ukichota kidogo huku na kidogo kule utaishia na sarufi isiyo ya mtu yeyote.

Ili tofauti hizi zionekane, tuchukue sentensi moja na kuipitisha katika vitabu vyote: "I have seen him yesterday." Murphy atakuambia kwamba hali timilifu haiendi pamoja na wakati uliokwisha kama "yesterday", kwa hiyo sema "I saw him yesterday", na upande wa kulia atakupa mazoezi ya kuchagua. Kwa mwanafunzi wa ngazi ya kati hilo linatosha. Swan atakupa kanuni hiyohiyo, kisha ataongeza kwamba katika habari fupi za magazeti na redio hutokea mwandishi akaanza na hali timilifu na kutaja siku humohumo, jambo ambalo msomaji makini angekuwa amekwisha kuliona na kulishangaa. Quirk atakueleza kwa nini: hali timilifu hutazama jambo lililopita kwa kulihusisha na sasa, ilhali "yesterday" hulikata na sasa, ndiyo maana viwili hivyo hugombana. Biber naye atageukia hesabu na kukuonyesha kwamba hali timilifu hutumika zaidi katika Kiingereza cha Uingereza kuliko cha Marekani, ambako mtu husema "Did you eat yet?" bila wasiwasi wowote. Vitabu vinne, sentensi moja, na hakuna hata kimoja kinachokipinga kingine. Swali ndilo lililobadilika.

Nawasilisha. Karibuni kwa maoni na marekebisho.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante mleta uzi kwa maelezo ya kina. Naomba kuuliza bila kukuvunjia heshima: je, katika zama hizi ambazo programu za akili mnemba zinasahihisha sentensi papo hapo, kuna haja gani ya kununua kitabu kizito na kuanza kupekua kurasa? Mimi huandika, programu inasahihisha, kazi inaendelea.

Mleta uzi

Mkuu, kama haja yako ni barua iondoke ikiwa safi, huna sababu ya kununua chochote. Lakini tofautisha kusahihishwa na kujifunza. Programu hubadilisha "I suggested him to go" ikawa sahihi, wewe unabofya na kusonga mbele, na kesho unaandika "I suggested her to wait", kwa kuwa hukuambiwa kosa ni la kitenzi, hukuambiwa kwamba "recommend" nacho kina tabia inayokaribiana na hiyo, na hukuuliza. Ukiuliza utajibiwa, ndiyo. Tatizo ni kwamba anayeuliza swali zuri ni yule ambaye tayari anajua pa kutilia shaka. Halafu kuna suala la kukinzana. Nimeona programu moja ikiitaja sentensi kuwa kosa, na nyingine ikiipitisha bila neno. Hapo unahitaji mwamuzi aliyeandika jina lake kwenye jalada na kueleza alivyofikia uamuzi wake.

Zaidi ya hapo, programu nyingi za usahihishaji zimerithi imani za kina Strunk. Zitakukataza kauli ya kutendwa hata pale inapofaa, kwa mfano katika ripoti ya jaribio la maabara ambapo mtendaji hana umuhimu. Mwenye lugha ataipuuza karipio hilo kwa sababu sikio lake linamwambia sentensi iko sawa. Mgeni ataitii, na kuandika sentensi mbaya zaidi ya ile aliyokuwa nayo.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na nakubaliana na mengi, isipokuwa napenda kutofautiana na mleta uzi katika jambo ambalo hakuligusa ipasavyo. Toleo la nne la Swan limepangwa upya. Matoleo matatu ya mwanzo, hadi lile la mwaka 2005, yalipangwa kwa alfabeti: ukitafuta "although" unakwenda kwenye herufi A, ukitafuta "enough" unakwenda E. Toleo la mwaka 2016 limeigawa sarufi kwa mada, na mpangilio wa alfabeti umebaki kwa maneno yanayosumbua tu. Wanafunzi wangu hawajui kwamba "enough" katika matumizi fulani huitwa kibainishi. Wanalijua neno lenyewe. Mpangilio wa zamani uliwakuta walipo. Huu mpya unawataka wajue jina la tatizo kabla ya kulitafuta. Ndiyo maana darasani bado natumia toleo la tatu.

Jambo la pili ni kuhusu vile vijitabu vya "makosa ya kawaida", ambavyo mleta uzi amevinyamazia. Kile cha T. J. Fitikides, Common Mistakes in English, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1936, kimewalea wanafunzi wengi wa mataifa mbalimbali. Je, tukitupe?

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Hoja ya mpangilio ni nzito na siwezi kuipuuza. Hata hivyo nadhani inategemea unakuja na nini mkononi. Ukiwa na neno, alfabeti haina mpinzani. Ukiwa na eneo zima, tuseme unataka kuelewa sentensi za masharti zote kwa pamoja, mpangilio wa zamani ulikuwa unakurusha kutoka kitomeo kimoja hadi kingine, na toleo la nne linakupa sura moja unayoweza kuisoma kwa mfululizo. Kwa anayejisomea mwenyewe ningebaki na la nne, mradi azoee kuanzia kwenye faharasa ya mwisho, ambamo maneno kama "enough" yamo na ukurasa wake umetajwa. Na hili ni la vitabu vyote vya marejeo: anayeanza na yaliyomo badala ya faharasa anajitesa bure. Kwa darasa lako, ambako wanafunzi wanakimbizana na saa, sina ubishi. Toleo la tatu halijachakaa kisarufi.

Kuhusu orodha za makosa, sisemi zitupwe. Zinasaidia kama kioo cha kujikagua kabla ya mtihani. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, hutoa hukumu bila maelezo marefu, kwa hiyo unasahihisha sentensi ileile tu na si jamaa zake. Pili, orodha nyingi za aina hii huchanganya kosa la kweli na suala la ladha. "He go" ni kosa. Lakini kuomba ruhusa kwa "Can I?" badala ya "May I?" si kosa, ni tofauti ya kiwango cha urasmi, na vitabu vya leo vya wanaojifunza vinalieleza hivyo. Mwanafunzi akipewa yote mawili katika orodha moja, kwa uzito mmoja, anaogopa kusema sentensi ambazo wenye lugha huzisema kutwa nzima.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mnazungumzia vitenzi tu. Mimi kinachonishinda ni "a" na "the". Nimesoma Murphy, nimefanya mazoezi na kupata yote, lakini nikiandika ukurasa mmoja mhariri ananirudishia ukiwa umejaa wino mwekundu wa "the". Kuna kitabu kinachomaliza jambo hili?

Mleta uzi

Hakuna kinachoimaliza, mkuu, na afadhali ulisikie hilo mapema. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunatokea kwenye lugha isiyo na vibainishi hivyo, sawa na wenzetu wa Kirusi, Kijapani na Kichina, na ndiyo sababu unapata mazoezi yote na bado unaanguka kwenye ukurasa mtupu. Katika zoezi, pengo linakuambia "amua hapa". Katika maandishi yako hakuna pengo. Lazima wewe mwenyewe ukumbuke kuuliza kila unapoandika nomino.

Yako maeneo mawili, na yanahitaji njia tofauti. Eneo la kwanza ni la kukariri, na vitabu hulifanya vizuri. Mito hupewa "the", kama "the Nile". Ziwa linapotajwa kwa "Lake" halipewi, kama "Lake Victoria". Safu za milima hupewa, kama "the Alps". Mlima mmojammoja haupewi, kama "Mount Everest". Mgonjwa aliyelazwa, Mwingereza husema yuko "in hospital" na Mmarekani husema "in the hospital". Mwanafunzi huenda "to school", lakini fundi aliyeitwa kutengeneza paa huenda "to the school", kwa sababu yeye anakwenda kwenye jengo tu na si kwa shughuli ya shule. Murphy ana vitengo kadhaa vinavyofuatana juu ya haya, na vinatosha. Hakuna falsafa hapo, shika ukumbuke.

Eneo la pili ndilo linalokuletea wino mwekundu, nalo halikaririki. Ni suala la kile unachodhani msomaji wako anakijua tayari. Ukiandika "I bought a phone, but the battery was dead", hujawahi kutaja betri, lakini unaipa "the" kwa sababu msomaji anajua simu ina betri, na ni moja. Sasa andika "I bought a phone, but the crack was big". Msomaji atasimama: ufa gani? Simu haiji na ufa, kwa hiyo ulipaswa kuutambulisha kwanza, "there was a big crack in it". Kila "the" ni madai kwamba wewe na msomaji mnaelekeza kidole mahali pamoja. Quirk na wenzake wanalieleza hili kwa urefu, kwa kutenganisha kile kinachojulikana kwa sababu kimekwisha kutajwa na kile kinachojulikana kwa sababu kinaambatana na kilichotajwa. Kurasa hizo chache za Quirk zinasomeka hata kwa asiye mwanaisimu, na ndiyo sehemu pekee ya kitabu hicho ambayo ningempendekezea mwanafunzi wa kawaida.

Kisha kuna nomino zisizohesabika, ambazo ni pacha wa tatizo hili. Kabla ya kuamua juu ya "a" ni lazima ujue kama nomino inahesabika, na hapo tunarudi kwenye kamusi. "Advice", "equipment", "furniture", "research" na "evidence" kamusi ya wanaojifunza itaziwekea alama kwamba hazihesabiki. Kamusi nyingi za wenye lugha haziweki alama hiyo, maana msomaji wao hana haja nayo. Ukigundua kwamba nusu ya wino wako mwekundu uko kwenye maneno ya aina hiyo, tatizo lako ni dogo kuliko unavyodhani.

Ningekushauri uchukue ukurasa mmoja wa mwandishi mzuri, uzungushie kila nomino, na kwa kila moja ujiulize kwa nini imepewa "a", "the" au haikupewa kitu, kisha uende kwa Swan na zile zitakazokushinda tu. Inachosha. Lakini inakufundisha kuuliza mahali ambapo hakuna pengo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeelewa hoja ya kusahihishwa na kujifunza, ingawa bado sijaiacha programu yangu. Swali jingine: hivi sarufi hizi kubwa za kongoo zina faida yoyote kwa mtu asiye mtafiti?

Mleta uzi

Ipo moja kubwa: zinakupangia vipaumbele. Vitabu vingi vya kuanzia hufundisha hali endelevu mapema na kwa msisitizo, "I am reading", "she is cooking", hadi mwanafunzi akaamini ndiyo namna ya kawaida ya kuzungumza. Takwimu za Biber na wenzake zinaonyesha kwamba katika mazungumzo, vitenzi vya hali sahili huizidi hali endelevu kwa zaidi ya mara 20. Ukijua hilo, ukisitasita kati ya "I work" na "I am working" bila sababu ya wazi, utajua upande gani wa kuegemea. Si lazima ukinunue kitabu chenyewe. Baadhi ya waandishi hao walitoa toleo fupi la wanafunzi mwaka 2002, lenye matokeo mengi muhimu.

Mchangiaji wa nne

Swali fupi tu. Nimeona English Grammar in Use mbili zinazofanana jalada lakini bei tofauti. Ninunue ipi?

Mleta uzi

Soma jalada kwa makini. Moja imeandikwa "with answers" na nyingine "without answers". Ile isiyo na majibu ni ya darasani, ambako mwalimu ndiye mwenye ufunguo. Kwa anayejisomea haina faida, kwa sababu mazoezi yasiyosahihishwa yanaweza kukuzoesha kosa. Tazama pia kama ni ile ya Kiingereza cha Uingereza au ile iliyoandaliwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambayo huitwa Grammar in Use Intermediate, usije ukashangaa mbona mifano yako na ya mwenzako haifanani.